Msihame kwa hasira: barua kwa vijana wetu wa malori Marekani

Wanangu,

Salamu kwenu mlio barabarani, na kwa wanaowangoja nyumbani. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Mikataba mnayotia saini ni ya Kiingereza, dispacha, yule mgawa mizigo wa kampuni, anawafokea kwa Kiingereza, na tangu Juni 2025 hata mkaguzi wa mizani anaweza kukuzuia papo hapo usiendelee na safari akiona hukielewi Kiingereza chake. Haya yangu basi yawafikie kwa lugha mliyolelewa nayo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa arusini hapa Columbus. Pilau lilipokwisha, kijana mmoja akanishika mkono mpaka kwenye maegesho, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mjomba, hawa wananiibia. Jumatatu nabandua jina lao mlangoni, nachukua MC yangu."

Lori ni lake, ila analiendesha chini ya kampuni ya watu; MC ni namba ya serikali ya kubeba mizigo kwa jina lako mwenyewe. Nikavaa miwani. Ilikuwa karatasi yake ya malipo ya wiki. Juu, mizigo yote: $5,240. Fungu lake, asilimia 72. Halafu makato: mafuta, bima ya kichwa cha lori, amana, kifaa cha kuandika saa za kuendesha, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, "mengineyo, $85". Nikaweka kidole hapo. Hii ni nini? Hajui. Umekatwa mara ngapi? Kama wiki 9 hivi. Umewauliza? Hajauliza. Nikamwuliza na jingine: maili moja inakugharimu kiasi gani? Akatazama juu. "Dola moja na senti ishirini." Matairi umeyatia? Kimya. Na ujira wako wewe unayeshika usukani? Akacheka, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba naye ni gharama.

Kijana huyu si mjinga. Anaendesha vizuri kuliko nilivyoendesha mimi nikiwa na umri wake. Ila alikuwa anataka kuhama kwa hasira, na mimi najua mwisho wa hasira hiyo, maana nimeipitia.

Nilianza utingo, barabara ya Mombasa kwenda Malaba, wakati ambapo kufika Malaba na tela zima ilikuwa habari ya kusimulia. Hapa Marekani nimeendesha miaka zaidi ya ishirini, mingi yake nikiwa na lori langu chini ya kampuni ya watu. Mwishoni mwa 2021 dispacha alinipokonya mzigo mzuri wa kwenda Dallas akampa mwingine. Nilikuwa nimeuahidi moyo wangu ule mzigo. Nikatoka. Mwaka ule dalali wa mizigo alikuwa anakupigia yeye, anakubembeleza, bei ilikuwa haijawahi kuonekana. Nikalipa $300 za serikali kuomba namba, nikatafuta bima, na Februari 2022 lori langu likawa na jina langu mlangoni. Nililipiga picha. Mke wangu anayo mpaka leo.

Ile Februari ilikuwa kilele cha mlima, nami nilidhani ni mguu wake. Masika haijaisha bei za mizigo zikaanza kuteremka, na dizeli, iliyovuka dola 5 galoni nchi nzima tangu Machi, Juni ikawa inakaribia 6. Kampuni kubwa zina wateja wa mkataba na nyongeza ya mafuta inayopanda dizeli ikipanda. Mimi nilikuwa na simu na dalali. Septemba mfumo wa kusafisha moshi ukafa katikati ya Tennessee, nikalala hotelini siku sita nikilipia chumba na fundi. Baada ya hapo dalali mmoja akafunga ofisi na mizigo yangu mitatu hajailipa. Sheria inamtaka kila dalali aweke dhamana ya $75,000, ni kweli, lakini dhamana hiyo ni moja kwa wote wanaomdai, na tulikuwa wengi. Nilichopata hakikutosha matairi mawili ya mbele.

Aprili 2023 nikapiga simu kwenye kampuni ile ile niliyoikimbia. Akapokea dispacha yule yule. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Hakusema lolote ila, "Unaanza lini?"

Sasa tuje kwenye ile asilimia 28 ya kampuni mnayoiita wizi. Mimi nilikaa mezani nikaipima. Tuseme lori lako linaingiza $20,000 kwa mwezi, maili elfu kumi. Kampuni inabaki na $5,600. Zinauma. Lakini ukiwa na MC yako, na namba yako bado changa, bima peke yake mimi nilitozwa kama $1,600 kwa mwezi, kwa sababu sheria inataka angalau $750,000 za dhara kwa watu wengine, na madalali hawakupi mzigo mpaka uwe na milioni moja, pamoja na bima ya mzigo wenyewe. Kukodi tela, $900. Dalali analipa baada ya siku 30 nawe dizeli unanunua leo, kwa hiyo unaziuza ankara zako kwa wale wanaolipa mapema, wanachukua asilimia 3, hizo ni $600. Punguzo la mafuta la kampuni limekuponyoka, senti 40 kwa galoni 1,500, $600 nyingine. Vibao vya namba, vibali, mahesabu, ubao wa mizigo, yaani mtandao ambako madalali hutangaza mizigo yao, kifaa cha saa, tia $500. Jumla $4,200. Kilichobaki ni $1,400, kabla hujalala siku mbili ukisubiri mzigo, na kabla hujakaa usiku kucha na karatasi za kodi ya mafuta, ambazo zinakuja kila miezi mitatu upende usipende.

Hesabu yako itatofautiana na yangu. Mwenye tela lake na rekodi safi ya miaka mitano atalipa chini. Lakini iandike wewe mwenyewe, kwa mkono, usimwachie yule jamaa wa video anayeendesha lori jekundu la Peterbilt akisema amepata elfu kumi wiki moja. Yule haonyeshi wiki ya pili.

Na mkiwa chini ya kampuni, msikae kama mayatima. Toka 1979 serikali ya Marekani ina kanuni za mkataba wa mwenye lori na kampuni, na wengi wenu mnapewa haki hizo kwenye kurasa msizozisoma. Mkataba lazima uwe wa maandishi, ueleze nani analipa mafuta, tozo za barabara na maili za kwenda bila mzigo. Ukipeleka karatasi za mzigo, ulipwe ndani ya siku 15. Ukilipwa kwa asilimia, una haki ya kuona ankara ya mzigo wenyewe. Wanaweza kufuta jina la mteja, bei hawawezi kuificha. Hawaruhusiwi kukulazimisha ununue matairi au bima kwao ili upate kazi. Kila kato liwe limetajwa kwenye mkataba, na ukiomba vielelezo vya jinsi lilivyohesabiwa wakupe. Na ile amana wanayokata kila wiki ni mali yako: inazaa faida, na ukiondoka wana siku 45 kukurudishia pamoja na hesabu ya walichokata. Kampuni inayokasirika ukiuliza haya, hiyo hama. Lakini hama ukiwa na mahali pa kwenda.

Lililonifanya niketi kuandika hasa ni jambo la tatu, ambalo halipo kwenye vitabu vya Wamarekani. Ni MC ya ndugu.

Mnalijua. Mwenzetu amepata namba yake, imekomaa miaka miwili, madalali wanaipokea. Anasema, leteni malori yenu, nachukua asilimia 10 tu, sisi ni watu wa nyumbani. Malori manne, sita, tisa yanaingia. Hakuna mkataba. Pesa za madalali zinaingia akaunti yake, anawagawia Ijumaa kwa simu. Miezi ya mwanzo kila mtu anamwombea dua.

Halafu inatokea moja katika mawili. Ama mmoja wenu anagonga gari la watu, bima inauliza dereva huyu ni nani na lori hili liko wapi kwenye orodha yetu, nayo haimkuti. Ama bei za mizigo zinaanguka, na yule ndugu, ambaye si mwizi, narudia, si mwizi, anatumia pesa zenu kulipia lori lake lisichukuliwe na benki, akidhani atazirudisha wiki ijayo. Nimeketi kwenye vikao vitatu vya kupatanisha mambo haya, kimoja msikitini, viwili sebuleni kwangu. Watu waliochangiana kurudisha maiti nyumbani leo hawasalimiani. Katika vikao vyote vitatu niliuliza swali moja: mliandikiana nini? Wakaniangalia kama nimewatukana.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Ningekuwa ninyi nisingeona aibu kumwambia ndugu yangu tuandike. Tena sheria ile ile ya mkataba inamhusu na yeye: lori likipita kwa namba yake, yeye ndiye kampuni, awe na malori tisa au elfu tisa. Jina lake na namba yake viwe mlangoni, lori na dereva viwe kwenye bima yake kwa maandishi, nakala uione kwa macho yako, na ankara ya kila mzigo uione. Akikataa kwa kisingizio cha undugu, mnusuru huo undugu, usiingize lori.

Kuhusu lori la kukopeshwa na kampuni yenyewe inayokupa mizigo, sina maneno mengi. Mkopeshaji, mwajiri na mwenye kushika makato ni mtu mmoja. Akikunyima mizigo wiki mbili, unachelewa malipo, anachukua lori, anampa mwingine. Kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza mikopo ya namna hiyo ilitoa ripoti yake Januari 2025 na ikapendekeza Bunge lao liipige marufuku. Kanunue lori kuukuu kwa pesa zako. Au endesha la kampuni kwa mshahara, si haramu.

Msinielewe vibaya, wapo ambao wanapaswa kuondoka na kuwa na namba yao. Kuna dada mmoja, Mkongo, yuko Indianapolis. Aliendesha lori lake chini ya kampuni miaka minne na hakuchelewa kiwandani hata siku moja. Kwanza alisoma kifungu cha mkataba kinachomkataza kuchukua wateja wa kampuni, akakiheshimu mpaka muda wake ukaisha. Aliweka akiba ya miezi saba ya gharama zote, pamoja na injini ikifa. Alipochukua namba yake alikuwa tayari na mteja anayejaza tela lake siku tatu kwa wiki, si dalali, mteja. Siku tatu nyingine anahangaika kwenye ubao wa mizigo kama sisi sote, lakini malipo ya lori yanatoka kwenye zile za kwanza. Hata mkaguzi wa usalama alipokuja, maana namba mpya inachunguzwa ndani ya mwaka wa kwanza, alikuta faili zimepangwa kuliko za ofisi nyingi. Huyo alihama akiwa ametulia kabisa. Nilimwuliza kwa nini hakuondoka mapema. Akasema, "Papa, nilikuwa nasoma kwa pesa zao."

Mimi sitaki namba tena. Magoti hayapandi tena kichwa cha lori zaidi ya siku tatu kwa wiki, na nimezoea kulala bila kufikiria ankara. Hilo ni langu, msilifanye kanuni.

Yule kijana wa arusini amenipigia juzi. Ile $85 ilikuwa kukodi tela ambalo alilirudisha zamani, karani alisahau kulifuta. Wamemrudishia $765. Jumatatu imepita na jina la kampuni bado liko mlangoni kwake, ingawa anasema MC yake ataichukua tu. Nikamwambia sawa, niambie akiba imefika ngapi. Akasema mtandao unakatika.

Jumapili baada ya adhuhuri niko nyumbani. Atakayekuja aje na karatasi zake tatu za mwisho za malipo, mkataba wake wote na si ukurasa wa saini peke yake, na risiti za mafuta. Chai ipo.

Mjomba wenu,
Columbus, Ohio