Ovadrafti ya mwanafunzi isisubiri joho

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wazazi wenzangu tulioko Uingereza jambo moja kabla ya mahafali ya Julai. Watoto wetu wenye akaunti za wanafunzi huruhusiwa na benki kutoa fedha zaidi ya zilizomo, yaani ovadrafti, bila riba. Binti yangu, anayemaliza chuo hapa Leicester, alikuwa ameshatumia pauni 1,400 za ovadrafti yake, nyingi zikiwa kodi ya chumba. Machi benki ikamwandikia kwamba ruhusa inakwisha Juni, aombe upya. Barua ina kurasa mbili, na tarehe yenyewe imewekwa chini kabisa ya ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo. Limenikera sana hilo.

Asipoomba, deni laweza kuanza kutozwa riba, na ovadrafti za kawaida hapa hufika karibu asilimia 40 kwa mwaka. Sisi tuliolelewa tukijua riba ni haramu tunaumia mara mbili.

Mwanao na aende benki angali mwanafunzi, na barua ya chuo inayotaja tarehe ya kumaliza. Aulizie pia akaunti ya wahitimu: nyingi huacha sehemu ya deni bila riba, ila kiwango hushuka mwaka hadi mwaka, hivyo aanze kulipa tangu mshahara wa kwanza.

Nanyi wazazi wa Mombasa na Dar es Salaam, mtoto aliyekuja kwa viza ya masomo kwa kawaida hapewi ovadrafti hii. Msiihesabu kwenye matumizi yake.

Mzazi,
Leicester, Uingereza