Mwanangu, usingoje jalidi

Mwanangu,

Nimeona utabiri wa hali ya hewa wa huko uliko: wiki ijayo usiku utashuka mpaka nyuzi 3. Na kwenye picha uliyotuma, viazi vitamu vyako vya mapambo bado viko nje. Kata marando sasa, uyaoteshe ndani.

Umevitunza vizuri, na nimewaonyesha watu wote hapa ule mmea wa majani meusi ulivyotambaa. Lakini wewe hungoja mambo yaharibike ndipo ukimbie, na huu si mmea wa kungojea. Ni wa nchi za joto. Chini ya nyuzi 10 huanza kuumia, hata barafu haijaonekana. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikiupiga usiku mmoja, asubuhi majani yamelala kama mboga iliyochemshwa, na rando la hivyo halifai tena kupandwa.

Chagua ncha zenye afya. Kata urefu wa sentimita 15 hivi, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochipukia, unyofoe majani ya chini, kisha vifundo viwili vizame kwenye glasi ya maji. Baada ya siku chache utaona vinundu vyeupe vikitokeza pale kwenye kifundo; ndiyo mizizi hiyo. Badilisha maji kabla hayajanuka. Weka kwenye dirisha lenye jua, ila majani yasiguse kioo, maana usiku kioo huwa baridi sana. Na uwe unageuza majani kutazama upande wa chini, inzi weupe na utitiri hujificha huko.

Halafu chimbua na viazi vyenyewe. Usivioshe. Pangusa udongo, vikauke, uvifukie kwenye mchanga mkavu gizani, penye nyuzi 13 hadi 16. Si kwenye friji! Najua utaona friji ndiyo rahisi. Humo vitaharibika na kuoza.

Msimu wa joto ukianza usivitoe nje kwa sababu ya siku moja ya jua. Hakikisha jalidi imekwisha na udongo umepata joto, kisha uvizoeshe kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Baba yako anauliza kama umeziba ule ufa wa dirishani, maana unalipia umeme wa kuipasha joto barabara ya nje. Soksi nzito ziko kwenye begi dogo, mfuko wa pembeni.

Marando lakini yatangulie. Yakate leo ukirudi kutoka kazini, unitumie picha ya glasi.

Mama