Hofu ni kwako uliye mbali

Tabora, 27 Julai

Shoga yangu mpendwa,

Mimi huku ni mzima, hofu ni kwako. Unasema tangu mwanao aende Kongo na kikosi cha kulinda amani, kila ukimpigia anakujibu neno lile lile, "Mama, niko salama," nawe humwamini. Usimkasirikie. Nikusimulie jambo ambalo halijawahi kutoka nje ya nyumba yetu.

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa darasa la nne. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akasema redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kabla ya Krismasi baba alikuwa ameshaondoka. Mama hakujua kusoma, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, na herufi alijifunzia kwenye barua za baba. Kuzisoma ilikuwa kazi yangu, na kuzijibu pia, kwa karatasi za daftari langu la hesabu.

Zote zilianza hivi: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali nami." Halafu mvua, viatu, ndizi za huko. Basi.

Februari mdogo wetu wa mwisho alifariki kwa surua. Matanga yalipokwisha mama akaniita nichukue kalamu. "Andika: mtoto hajambo, ameota meno mawili." Nikamtazama. Akarudia polepole, kama mwalimu wa imla. Nikaandika. Baba akajibu kwa furaha, akauliza kama ameanza kusimama. Mama akasema, andika anasimama. Miezi mitatu nilimkuza yule mtoto kwa kalamu.

Mwisho wa Machi ikaja barua ambayo mwandiko haukuwa wa baba. Maneno yalikuwa yake, lakini mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Niliisoma bila kusita na sikumwambia mama.

Baba alirudi Mei, mkono wa kulia hauna vidole viwili. Vilibaki Lukaya, huko Uganda, kwenye yale mapigano ambayo askari wetu walirudishwa nyuma usiku, wakasonga tena kesho yake. Alituhesabu kwa macho pale mlangoni. Mama hakusema kitu. Aliushika ule mkono, akampeleka kwenye kaburi dogo chini ya mwembe. Walikaa huko mpaka giza likaingia. Tangu siku ile sikuwahi kumsikia mmoja akimlaumu mwenzake.

Mwaka juzi, baba akiwa ameshatangulia, nilimwomba mama radhi kwa kumficha habari ya ule mwandiko. Akaniambia, "Nilijua. M ile haikuwa ya baba yako."

Mpigie mwanao leo jioni. Usimuulize kama yuko salama. Muulize wanakula nini, nani anapika, na kama mvua inanyesha.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi shoga yako.