Barua kwa Baba kuhusu nishati ya mashimo meusi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea vizuri. Naomba unisalimie Mama. Katika barua yako umeuliza inakuwaje watu wazungumzie kuvuna nishati ya shimo jeusi, ilhali hata nuru haiwezi kutoka humo. Ni swali la haki, na jibu lake linategemea mahali nishati hiyo ilipo.

Kitu kilichokwisha kuvuka upeo wa shimo, yaani ule mpaka usio na marejeo, hakitoki tena. Hata hivyo, shimo linalozunguka lina nishati nyingine ambayo inaweza kufikiwa kutoka nje. Mwaka 1963 mwanahisabati Roy Kerr alipata hesabu zinazolieleza shimo la namna hiyo, nazo zinaonyesha kwamba mzunguko wake huiburuta nafasi yenyewe, hata ukapatikana ukanda uitwao ergosfia, ulio nje ya upeo, ambamo hakuna kinachoweza kutulia mahali pamoja ingawa njia ya kutokea bado ipo.

Mwanahisabati Roger Penrose ndiye aliyeona, mwaka 1969, faida ya ukanda huo. Kitu kikiingia humo na kugawanyika vipande viwili, kimoja kinaweza kutumbukia shimoni kikiwa na nishati iliyo chini ya sifuri kwa kipimo cha mtu aliye mbali, sawa na mtu anayeingia nyumbani na deni badala ya fedha. Cha pili hutoka na nishati kubwa kuliko ile iliyoingia. Shimo ndilo linalolipa, kwa kupungua tungamo na kasi ya mzunguko. Shimo linalozunguka kwa kiwango cha juu kabisa laweza kutoa hadi asilimia 29 ya tungamo lake kwa njia hii, wakati muungano wa viini vya hidrojeni ndani ya Jua hugeuza chini ya asilimia 1 kuwa nishati.

Lakini vipande hivyo sharti viachane kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya nuru, kwa hiyo sidhani kwamba maumbile hutumia njia hiyo mara nyingi. Mimi navutiwa zaidi na maelezo ya Roger Blandford na Roman Znajek ya mwaka 1977 (akina Roger ni wengi katika habari hii), kwamba nguvu za sumaku zinazolizunguka shimo husokotwa na mzunguko wake na kusafirisha nishati kwenda mbali. Wengi huamini kwamba hivyo ndivyo unavyopata nguvu mkondo wa chembe unaofyatuka kutoka katikati ya galaksi ya M87, ambao umeenea maelfu ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja).

Mnururisho aliouonyesha mwanafizikia Stephen Hawking mwaka 1974, yaani joto hafifu ambalo shimo lenyewe hutoa, ni jambo jingine, kwa kuwa hauhitaji mzunguko wowote. Shimo lenye tungamo la Jua lina joto la takriban sehemu 60 za bilioni za kelvini moja (kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi kali kabisa), nao ulimwengu unaolizunguka una kelvini 2.7; kwa sasa, basi, linapokea nishati nyingi kuliko linavyotoa.

Kuhusu kama binadamu atawahi kuitumia nishati hii, shimo jeusi la karibu zaidi kati ya yanayojulikana, Gaia BH1, liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,560, kwa hiyo swali hilo tuwaachie wanahesabu kwanza.

Mwanao akupendaye