Saa yako ya jua si mbovu, imehamishwa tu

Wateja wengi hutupigia na lalamiko lilelile: nimenunua saa ya jua ya shaba, nzuri ajabu, lakini asubuhi inakosea dakika nyingi na jioni vilevile. Kabla hujairudisha, tuambie kwanza: ilichorewa wapi?

Ukingo wa ule mshale unaotupa kivuli lazima uwe sambamba na mhimili wa Dunia. Maana yake, pembe yake na bamba lenye namba ilingane na latitudo ya mahali ulipo. Chukua kipimapembe uipime, kisha tazama latitudo yako kwenye simu. Mara nyingi utamjua mchawi hapo hapo.

Hata wakubwa waliteleza. Mwaka 263 KK Warumi waliteka saa ya jua huko Catania, Sicily, wakaisimamisha Roma, digrii nne hivi kaskazini zaidi. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mistari haikulingana na saa, lakini waliifuata hivyo hivyo kwa miaka 99! Butterfield, fundi Mwingereza aliyefanya kazi Paris, alilikwepa tatizo hilo kwa saa ya mfukoni: mshale wake ulipanda na kushuka, na mdomo wa ndege mdogo ulionyesha digrii. Sisi bado tunamwonea wivu kwa ndege yule.

Tofauti ikiwa ya digrii chache, tunakuchongea kabari ya kuinamisha bamba zima. Lakini saa ya kaskazini mwa ikweta ukiipeleka kusini, kivuli kitazunguka kinyume cha namba zake. Hiyo kabari haiiokoi. Tutachora bamba jipya.

Ikibaki tofauti ya dakika, usiguse kitu. Jua halifuati mwendo wa saa ya mkononi: mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa dakika 16 hivi, katikati ya Februari huchelewa kwa 14. Kisha ongeza dakika 4 kwa kila digrii ya longitudo uliyo magharibi mwa mstari wa majira yenu, yaani longitudo ambayo saa rasmi ya nchi yenu huifuata; ukiwa mashariki mwake, punguza. Tukiombwa, tunachonga jedwali la masahihisho pembeni mwa bamba.

Na ukirithi saa ya kale yenye namba za ajabu, usizifute. Saa za Kibabiloni zilihesabiwa tangu jua kuchomoza, za Kiitalia tangu kuzama. Tutumie picha yake pamoja na latitudo yako.