Pesa za nani hizi kwenye simu yangu?

Shikamoo Shangazi,

Siku ya tisa leo kuna pesa zimo kwenye akaunti ya simu yangu na si zangu. Mama anayesema ni zake hunipigia kila asubuhi, analia. Nataka kumrudishia, na naogopa kumrudishia.

Woga wangu una chanzo. Mwaka jana ziliingia pesa kutoka kwa mtu nisiyemjua. Hata dakika kumi hazijapita, kijana akapiga: samahani sana, nimekosea tarakimu moja, zilikuwa za mdogo wangu. Akaomba nizirudishe kwa namba nyingine, eti ile aliyotumia ni ya rafiki yake. Nikasema haki ya mtu haikaliwi, nikaweka namba ya siri, nikatuma. Siku nzima roho yangu ilikuwa nyeupe.

Siku ya tatu nikakatwa kiasi kile kile. Kumbe zile pesa ziliibwa kwenye akaunti ya mtu mwingine kabisa, na mwenyewe alipolalamika kampuni ikazifuata zilipoingia, yaani kwangu. Nilizompa kijana zilikuwa zangu mwenyewe. Akaunti ikafungiwa wiki tatu, nikahojiwa kama mpokeaji wa mali ya wizi. Nilipouliza, mbona na mimi nimetapeliwa, dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kwamba muamala niliuidhinisha mwenyewe, kwa namba yangu ya siri. Jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu ni kweli.

Tangu hapo nasoma kila ninachokutana nacho kuhusu jambo hili. Uingereza, tangu Oktoba 7, 2024, benki zinatakiwa kumfidia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa kwa mkono wake, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Nilifurahi sana kuona iliyopokea nayo inabanwa, maana tapeli hali kitu bila akaunti ya kupokelea. Mimi sikurudishiwa hata senti.

Sasa haya ya leo. Huyu mama hajanitajia namba nyingine. Anataka zirudi zilikotoka, na hapo ndipo moyo wangu unapolegea. Nimeangalia salio lenyewe, sikutegemea ujumbe, maana ujumbe wa kughushi yeyote huutengeneza. Pesa zipo. Nimemsihi awaombe kampuni warudishe muamala, mimi sitapinga. Anasema ameambiwa asubiri, na mwanawe amelazwa. Mimi nami nimetoa taarifa, nikapewa namba ya kumbukumbu, kisha kimya. Ninachohofia ni hiki: nikimtumia leo kwa mkono wangu, na kesho kampuni ikaurudisha muamala wake, nitakuwa nimelipa mara mbili, na huyo dada wa huduma kwa wateja atanijibu vile vile.

Mume wangu anasema mtoto wa watu asiteseke kwa sababu ya woga wetu. Namjibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tumelala bila kusemezana siku mbili.

Na jana jioni mambo yamezidi kuvurugika. Kapiga mtu, sauti ya kiofisi, akisema anatoka kitengo cha uchunguzi. Simu yangu ikapokea ujumbe wa tarakimu sita za uthibitisho wakati huo huo tukiongea, akataka nimsomee "ili tufunge kesi ya yule mama". Nikakata. Nilitetemeka mpaka nikakaa chini. Alijuaje habari za yule mama? Ama ni wenzake, ama huyo mama naye amewaeleza shida yake watu asiowajua wakamgeuza chambo. Siwezi kutofautisha, Shangazi, na kilio kile kwa masikio yangu ni kilio cha kweli.

Je, nikimtaka aende mwenyewe ofisi ya kampuni na kitambulisho chake, nami niende ya upande wangu siku hiyo hiyo, ni ukatili kwa mtu mwenye mgonjwa? Nianzie polisi kwanza, kwa sababu ya ile simu ya jana? Na nikiendelea kuzishika hivi bila kuzigusa, kuna siku nitaitwa mwizi?

Kesho saa moja asubuhi atapiga. Nimwambie nini?

Ni mimi,
Mshika Amana Asiyeiomba