Tani za mwaka mmoja hazitoshi kulinganisha uvuvi wa sadini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini jedwali mlilochapisha, linalopanga nchi kwa wingi wa sadini wanaovuliwa kwa mwaka, nami naomba nafasi nieleze kwa nini linaweza kumpotosha msomaji. Kwamba Moroko imekuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza sina ubishi nako. Ninachopinga ni kulinganisha nchi kwa mwaka mmoja.

Jedwali kama hilo lingetolewa kwa mwaka 1968, Namibia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, ingesifiwa sana, kwa sababu pwani yake ilitoa karibu tani milioni 1.4 za sadini, na sehemu kubwa ikasagwa kuwa unga na mafuta ya samaki badala ya kuwa kitoweo cha watu. Miaka ya 1970 uvuvi huo ulianguka. Nusu karne baadaye samaki hao walikuwa hawajarudi, hata serikali ikasimamisha kabisa uvuvi wao mwaka 2018, na viwanda vya samaki wa makopo vya Walvis Bay, mji wa bandari nchini humo, vikabaki kutegemea samaki wa kuagizwa kutoka nje. Hasara hiyo inaniuma, kwa kuwa iliandikwa kwanza kwenye vitabu kama mafanikio.

Japani nayo ilivua takriban tani milioni 4.5 mwaka 1988, ikashuka hadi chini ya tani 30,000 mwaka 2005, kisha ikapanda tena. Huko chanzo kikubwa cha kushuka kilikuwa mabadiliko ya bahari yenyewe, yaliyofanya wachanga wengi wasifikie ukubwa, ingawa nyavu nazo ziliwabana waliosalia.

Kwetu Kigoma, dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo uleule wa sadini. Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na wavuvi pamoja na akina mama wanaoanika dagaa mwaloni walibeba mzigo huo kwa miezi mitatu. Katika jedwali la mwaka mmoja, subira yao itasomeka kama uzembe.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo lionyeshe takwimu za angalau miaka 30 kwa kila nchi, na litenganishe samaki walioliwa na watu na wale waliosagwa kuwa chakula cha mifugo.

Wako,
Msomaji, Kigoma